Kujificha si kutoonekana: uzi wa sheria, hesabu na makosa ya mezani

Kivuli_cha_Tatu (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Katika michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, hakuna sheria zinazokwamisha zamu kama za kujificha na kutoonekana. Mchezaji anasema mchawi wake haonekani, kwa hiyo hakuna anayejua alipo. Mwendeshaji, anayeongoza mchezo na kuwachezesha maadui, anasema hatua zake zinasikika, kwa hiyo goblini anamchoma mkuki. Wote wawili wameshika kitabu kilekile.

Tunakwama kwa sababu tunauliza swali moja mahali panapotaka matatu. Kwa kila adui, mmoja mmoja, jibu haya:

Je, anakuona?
Je, anajua umesimama mraba upi wa ubao?
Je, anajua kwamba upo?

Aliyetiwa uchawi wa kutoonekana akipita juu ya changarawe, jibu la kwanza ni hapana, mawili yaliyobaki ni ndiyo. Aliyejibanza nyuma ya pipa, yote matatu ni hapana, lakini askari akilizunguka pipa yanageuka ndiyo kwa mpigo. Uchawi wa kutoonekana unalinda jibu la kwanza tu, na unalilinda hata katikati ya ukumbi wenye mwanga. Kujificha kunalinda yote matatu, ila kwa masharti ya mahali na ukimya.

Tukubaliane maneno. "Faida" ni kurusha d20 (dadu ya pande ishirini) mbili na kuchukua kubwa. "Hasara" ni kuchukua ndogo. "Kunyata" ni ujuzi wa sifa ya Wepesi, "ung'amuzi" ni ujuzi wa sifa ya Busara; ukirusha ujuzi, ni d20 jumlisha nyongeza yako. Ung'amuzi tuli ni 10 jumlisha nyongeza ya ujuzi, na faida inauongezea 5, hasara inaupunguzia 5. "Uficho hafifu" ni kama nusu giza au ukungu mwepesi. "Uficho mzito" ni giza totoro, ukungu mzito, kichaka kilichofungamana.

Naanza na Dungeons & Dragons ya 2014. Hali ya kutoonekana katika toleo hilo inakupa mambo haya: dadu zako za shambulio zinarushwa kwa faida, za wanaokushambulia kwa hasara, na kwa ajili ya kujificha unahesabiwa uko kwenye uficho mzito. Kitabu chenyewe kinaongeza kwamba mahali pako panaweza kugunduliwa kwa kelele unazopiga au nyayo unazoacha. Hakuna palipoandikwa kwamba umejificha. Ulichopewa ni ruhusa ya kujaribu kujificha popote ulipo. Kitendo cha Kujificha bado unakilipia, na bado unarusha Kunyata dhidi ya ung'amuzi tuli wa kila adui, au dhidi ya dadu ya yule aliyetumia kitendo chake kukutafuta.

Mchawi asiyeonekana ambaye hajatumia kitendo cha Kujificha, goblini anaweza kumwendea na kumpiga kwa hasara. Akijificha na kufaulu, goblini anabaki kubahatisha mraba. Akibahatisha vibaya, anakosa moja kwa moja, na mwendeshaji anasema "umekosa" tu, hasemi kama mraba ulikuwa sahihi. Msipuuze sentensi hiyo ndogo. Ukisema "hakuna mtu hapo" umempa mchezaji habari ambayo mhusika wake hana.

Kuna faida nyingine ambayo watu wanaisahau. Shambulio la fursa, lile la kumpiga anayetoka kwenye ufikio wako, linamhusu adui *unayemwona*. Asiyeonekana anaondoka katikati ya maadui watano bila kupigwa hata pigo moja la fursa. Uchawi mwingi nao unadai "kiumbe unayemwona": mishale ya uchawi ya ngazi ya 1 haimlengi asiyeonekana, na uchawi wa kuzuia uchawi haumgusi kama anayezuia hamwoni. Kwa mchawi, hayo yana uzito kuliko ile faida ya dadu.

Wenye toleo la 2024, na wa mchezo mwingine wa aina hii, Pathfinder, karibuni.

---

Dadu_Ishirini

Mkuu, msingi mzuri. Nachukua 2024, kwa sababu huko maneno yamepangwa upya na ndiko mkanganyiko ulikozidi.

Kitendo cha Kujificha cha 2024 kina hatua hizi:

1. Uwe kwenye uficho mzito, au nyuma ya kinga ya robo tatu au kinga kamili, yaani kizuizi kinachofunika sehemu kubwa ya mwili au mwili wote.
2. Uwe nje ya mstari wa macho wa kila adui. Ukimwona kiumbe, unaweza kutambua kama naye anakuona, kwa hiyo usimlazimishe mchezaji kubahatisha.
3. Rusha Kunyata. Ugumu, yaani namba ya kufikia, ni 15, bila kujali ni nani aliye mbele yako.
4. Ukifaulu, unapata hali ya Kutoonekana kwa muda wote uliojificha. Andika jumla ya dadu yako. Hiyo ndiyo namba ambayo adui lazima aifikie kwa ung'amuzi ili akupate.

Inakatika papo hapo ukitoa sauti inayozidi mnong'ono, adui akikupata, ukirusha dadu ya shambulio, au ukifanya uchawi wenye matamshi.

Kosa kubwa linatokea hatua ya 3 na ya 4. Watu wanachanganya namba mbili. Ile 15 ni ya kuingia mafichoni; jumla yako ni ya kubaki humo. Ukipata 22, aliye na ung'amuzi wa +3 lazima arushe 19 au 20 kukupata. Ukipata 14, hujajificha kabisa, hata kama mlinzi ni kipofu nusu.

Na angalia hali yenyewe ilivyoandikwa upya. Kutoonekana kwa 2024 kunakupa faida kwenye dadu ya kupanga zamu, kunakukinga na athari zinazodai uonekane, na kunagusa mashambulio kwa faida na hasara kama zamani. Kisha kuna sharti jipya: kiumbe akiweza kukuona kwa njia yoyote, hupati manufaa hayo dhidi yake. Mwaka 2014 sharti hilo halikuwepo kwenye mashambulio, na ukisoma herufi kwa herufi, mwenye uchawi wa kuona visivyoonekana alikuona vizuri lakini bado alikushambulia kwa hasara. Sasa tundu hilo limezibwa.

---

Kinyonga_wa_Pwani

Hapo kwenye "adui akikupata" ndipo pazito. Mwizi amejificha nyuma ya nguzo, amepata 21. Zamu ijayo anatoka na kutembea futi 20 kwenye ukumbi wenye mienge hadi mgongoni mwa mlinzi. Hajatoa sauti, hajashambulia, hakuna aliyerusha ung'amuzi. Ukisoma orodha ile, bado haonekani.

---

Dadu_Ishirini

Ukisoma orodha peke yake, ndiyo. Ila "kumpata" hakujafungwa kwenye dadu. Mlinzi anayetazama upande wako kwenye mwanga kamili, bila kizuizi, amekupata kwa macho yake. Hakuna haja ya kumrushia ung'amuzi aone mtu aliyesimama mbele yake. Mimi nasoma hivi: dadu inahitajika pale tu kinachokuficha kikiwa bado kipo.

Lakini nisingemkatalia mwizi kila hatua nje ya nguzo. Kama mlinzi amegeukia mlango mwingine, au anapigana na mwenzako uso kwa uso, mwache apite. Kitabu cha 2014 kiliweka jambo hilo wazi: katika mapigano viumbe wengi wako macho pande zote, kwa hiyo ukitoka mafichoni na kumkaribia kwa kawaida anakuona, isipokuwa mwendeshaji akiona kuwa ameshughulishwa na kitu kingine. Kanuni hiyo bado inafaa.

Kurusha mshale ukiwa umechungulia tu pembeni ya nguzo ni jambo jingine. Hapo faida unaipata, kisha unajulikana ulipo, umpate au umkose.

---

Kinyonga_wa_Pwani

Nakubali kwa mshale. Kwa kutembea bado naona kila meza lazima itamke msimamo wake kabla ya kikao cha kwanza, kwa sababu mchezaji anachagua mhusika kwa kutegemea jibu hilo. Meza ikikataa, aliyejenga mwizi wa panga fupi atakuwa amejenga mtu asiyeweza kazi yake.

---

Hesabu_Kwanza

Niingize namba, maana "ugumu 15 kwa wote" umebadilisha mengi kuliko watu wanavyodhani.

Mwizi wa ngazi ya 5: Wepesi 18 unampa +4, umahiri ni +3, na akiwa na ubingwa kwenye Kunyata umahiri unazidishwa mara mbili. Jumla +10.

Mbele ya goblini wa 2014 mwenye ung'amuzi tuli 9: dadu yake ya chini kabisa ni 1 + 10 = 11. Hashindwi kamwe. Katika 2024, mbele ya goblini huyohuyo, anahitaji 5 au zaidi kwenye d20. Hiyo ni 80%. Mara moja kati ya tano anashindwa kumficha uso mtu asiye makini.

Sasa joka jekundu lililokomaa la 2014, ung'amuzi tuli 23. Mwizi akitaka kuipita 23, dadu lazima ionyeshe 14 au zaidi: 35%. Katika 2024 kuingia mafichoni ni 80% ileile, na kazi ya kumtafuta inabaki kwa joka. Kwa hiyo 2024 inamwadhibu mnyataji mbele ya wanyonge na kumpa nafuu mbele ya wakubwa. (Joka lina hisi isiyotegemea macho hadi futi 60, kwa hiyo karibu naye hesabu hii haina maana. Nitaiacha kwa mwingine.)

Hali hiyo inabadilika mwizi akipata Kipaji cha Kutegemewa: katika ujuzi aliobobea, d20 ya 9 au chini inahesabiwa 10. Mwaka 2014 kilikuja ngazi ya 11. Sasa kinakuja ngazi ya 7. Mwenye +5 au zaidi hawezi tena kushindwa ugumu wa 15. Jumla ya chini ya mwizi wetu inakuwa 20 au zaidi kila mara.

Na la mwisho kwa mwizi anayejificha kila zamu kwa ajili tu ya faida: kuanzia ngazi ya 3 kuna Kulenga kwa Utulivu. Unatumia kitendo cha ziada, hujasogea zamu hiyo, unapata faida kwenye shambulio lijalo bila dadu ya Kunyata, na mwendo wako unakuwa 0 hadi mwisho wa zamu. Kwa shambulio la kuvizia la d6 tatu ngazi ya 5, wastani wa 10.5 juu ya silaha, hiyo ni 100% badala ya 80%. Unachopoteza ni ulinzi: Kulenga hakukufichi, maadui wanakupiga kama kawaida. Kama wapiga mishale wao ni wengi, jifiche. Kama wote wameshikwa na mpiganaji wenu mbele, lenga.

---

Mlinda_Lango

Kwa wanaochoka na ubishi huu, Pathfinder toleo la pili imeyatenganisha yale maswali matatu ya mwanzisha uzi na kuyapa majina. Kwa kila adui uko katika hali moja kati ya nne:

*Unaonekana*: anakuona wazi.
*Umefichika*: anajua mraba wako lakini hakuoni. Kabla ya kukulenga anarusha d20 kavu, bila nyongeza, na lazima apate 11 au zaidi.
*Hujulikani ulipo*: lazima abahatishe mraba, na mwendeshaji anarusha dadu zote kwa siri.
*Hujulikani upo*: hajui hata kama kuna mtu.

Kitendo cha Kujificha kinakutoa kwenye kuonekana na kukuweka kwenye *umefichika*. Basi. Wanaotoka D&D wanakosea hapa kila mara: wanajificha nyuma ya kreti na kudhani wamepotea, kumbe adui anajua wako nyuma ya kreti, kwa sababu amewaona wakiingia. Ili mraba wako upotee lazima ufanye kitendo cha pili, Kunyata. Unasogea hadi nusu ya mwendo wako (mwenye futi 30 anakwenda 15), unamalizia mahali penye kinga au uficho, na mwendeshaji anakurushia kwa siri dhidi ya ung'amuzi wa kila mmoja. Kinga ya kawaida inaongeza +2 kwenye dadu hiyo, kinga kubwa +4.

Kwa vitendo vitatu vya zamu, mpango wa kawaida ni Kujificha, Kunyata, Kupiga. Anayepigwa na asiyemwona anapoteza 2 kwenye ulinzi wake kwa pigo hilo, kisha wewe unaonekana tena.

Upande wa adui: Kutafuta ni kitendo kimoja kinachokagua eneo la umbo la koni la futi 30 au duara la nusu kipenyo futi 15. Akifaulu anakusogeza hatua moja: kutoka *hujulikani ulipo* hadi *umefichika*, au kutoka *umefichika* hadi *unaonekana*. Akifaulu kwa kishindo, unaonekana moja kwa moja.

Kuhusu uchawi wa kutoonekana, kuna sentensi ambayo ingemaliza nusu ya uzi huu kama ingekuwa kwenye kila kitabu: ukigeuka kutoonekana mbele ya mtu aliyekuwa akikutazama, kwake unaanza ukiwa *umefichika*, na unabaki hivyo hadi ufaulu Kunyata. Ameona ulipopotelea, mahali hapo anapajua.

Hesabu fupi: adui mwenye nafasi ya 60% kukupiga, akilazimika kwanza kurusha ile 11, anabaki na 30%. Uficho wa kawaida, kama ukungu mwepesi, unataka 5 badala ya 11, kwa hiyo 60% inashuka hadi 48% tu. Msiziviringe pamoja hizo mbili.

---

Mzee_wa_Chati

Vijana wanadhani ubishi huu ni wa juzi. Katika Advanced Dungeons & Dragons, kujificha kivulini na kutembea kimyakimya zilikuwa asilimia mbili tofauti za mwizi. Ngazi ya 1: kujificha kivulini 10%, kutembea kimya 15%. Ukitaka zote mbili kwa pamoja unazidisha: 1.5%. Waendeshaji wengi walidai zote mbili, kisha wakashangaa kwa nini hakuna anayechagua mwizi.

Toleo la 3.5 la 2003 liliendelea kutenganisha: Kujificha dhidi ya Kuona, Kutembea Kimya dhidi ya Kusikia. Dadu mbili zako, dadu mbili zao, kwa kila mlinzi. Kutoonekana kulikupa +20 kwenye Kujificha ukiwa unatembea na +40 ukitulia tuli, na anayekushambulia alikuwa na 50% ya kukosa hata akijua mraba wako. Mtu wa kawaida aliweza kuhisi uwepo wa asiyeonekana anayejishughulisha ndani ya futi 30 kwa ugumu wa 20, lakini kuutaja mraba kulitaka 20 zaidi juu ya hapo.

Nayataja kwa sababu moja. Tofauti ya "nahisi kuna kitu" na "najua kiko wapi" iliandikwa kwa namba zamani hizo. Toleo la 2014 liliiacha mikononi mwa mwendeshaji, ndiyo maana mnagombana.

---

Bundi_wa_Giza

Naomba nitaje hisi, maana Hesabu_Kwanza ameruka joka.

Macho ya gizani si macho ya mchana. Mwenye nayo anaona giza kama nusu giza, yaani bado ni uficho hafifu, yaani ung'amuzi wake wa macho ni wa hasara. Mlinzi mwenye ung'amuzi tuli 12 gizani anashuka hadi 7. Waendeshaji wengi hawaitoi hiyo 5, wakati ndiyo sababu nzima ya kuingia usiku. Lakini uficho hafifu hautoshi kujificha ndani yake. Mbele ya mwenye macho ya gizani, giza pekee si maficho. Tafuta kinga pia.

Hisi isiyotegemea macho: maelezo ya 2024 yanasema wazi kwamba ndani ya umbali wake inamwona hata mwenye hali ya Kutoonekana, *isipokuwa aliye nyuma ya kinga kamili*. Kwa hiyo mbele ya lile joka, uchawi hauna kazi ndani ya futi 60, lakini ukuta wa mawe una kazi.

Kuhisi mtetemo ni kitu kingine kabisa. Kunataja mraba wa anayegusa sakafu ileile, ila hakuhesabiwi kuwa ni kuona. Kiumbe huyo anajua ulipo na bado anakushambulia kwa hasara. Anayeruka hewani hahisiwi.

Jicho la kweli, hisi inayopenya uchawi, linamaliza uchawi wa kutoonekana moja kwa moja.

---

Kinyonga_wa_Pwani

Na uchawi wa kuona visivyoonekana, ngazi ya 2, saa 1, bila kushikilia umakini? Katika 2024 unasema unawaona wenye hali ya Kutoonekana kana kwamba wanaonekana. Mwizi aliyejificha nyuma ya pipa naye ana hali hiyohiyo. Je, mchawi anamwona kupitia pipa?

---

Dadu_Ishirini

Hapana. "Kana kwamba wanaonekana" maana yake ondoa hali, kisha tazama kilichobaki. Kilichobaki ni mtu nyuma ya pipa. Pipa halijaondoka. Akijitokeza kuchungulia, mchawi huyo anamwona na mwizi anakosa faida dhidi yake peke yake. Wengine bado hawamwoni. Kwenye ukungu mzito ni vilevile: uchawi huo hautoboi ukungu.

---

Mgeni_wa_Meza

Samahani wakuu, swali la vitendo. Kundi letu lina wahusika wanne na mmoja ana deraya ya chuma nzima. Kila tukijaribu kunyata pamoja tunakamatwa. Tunakosea wapi?

---

Hesabu_Kwanza

Huenda mnatakiwa nyote mfaulu. Chukua wanne, kila mmoja ana 70%. Wote kufaulu: 0.7 × 0.7 × 0.7 × 0.7 = 24%. Kwa kanuni ya jaribio la kundi, inatosha nusu yenu wafaulu, na hapo inakuwa karibu 92%. Kanuni hiyo imo kitabuni. Mwombeni mwendeshaji aitumie pale mnapokwenda kama kundi. Ile ya kila mtu peke yake aiache kwa wanaojificha kila mmoja mahali pake.

Deraya nzima inampa mwenye nayo hasara kwenye Kunyata. Mwenye nyongeza 0 anayehitaji 12 kwa kawaida ana 45%. Kwa hasara ni 20%. Mtu huyo ndiye apewe uchawi wa Kupita Bila Alama: ngazi ya 2, saa 1 kwa kushikilia umakini, +10 kwenye Kunyata kwa wote walio karibu futi 30 na aliyeufanya. Kwa +10 anahitaji 2 tu, na hata kwa hasara ni karibu 90%. Uchawi wa kutoonekana kwa mtu mmoja una gharama ileile ya ngazi ya 2 na haunyamazishi chuma.

Mwende pia kwa mwendo wa polepole. Katika 2014 ndio mwendo pekee wa safari unaoruhusu kunyata.

---

Kivuli_cha_Tatu

Asanteni. Niongeze upande wa mwendeshaji, hasa namna ya kumkabili asiyeonekana bila kumnyima mchezaji alichokilipia.

Uchawi wa kutoonekana wa ngazi ya 2 unadumu hadi saa 1, unaguswa kwa mkono, unataka umakini, na unaisha aliyetiwa akishambulia au akifanya uchawi. Katika 2024 unaisha pia akisababisha madhara kwa njia yoyote, kwa hiyo ile hila ya kumwaga mafuta yanayowaka bila kurusha dadu ya shambulio imefungwa. Ule mkubwa wa ngazi ya 4 hauishi kwa shambulio, lakini ni wa dakika 1 na umakini. Udhaifu wake ni huo umakini. Kila akipata madhara anarusha dadu ya kujinusuru kwa ugumu wa 10 au nusu ya madhara, ipi kubwa; akishindwa, uchawi unakatika. Mpira wa moto wenye nusu kipenyo futi 20 hauhitaji kumwona mtu. Madhara ya 28 yanataka 14.

Maadui wenye akili wafanye mambo ya akili: wafunge mlango na kusimama mlangoni, wakae mgongo kwa mgongo, waandae kitendo cha kumpiga yeyote atakayejidhihirisha kwa shambulio. Moto wa Kichimbakazi, ngazi ya 1, unachora mwanga kwa walioshindwa dadu ya Wepesi ndani ya mchemraba wa futi 20, na aliyechorwa hanufaiki tena na kutoonekana. Adui aliyebobea kwa uchawi aanze na huo, si na silaha kubwa.

Unga na maji ya rangi havina sheria kitabuni. Ninavyoamua: mfuko mmoja unafunika mraba mmoja wa futi 5 pamoja na aliyemo, unatumia kitendo kizima, na unafichua *mraba* hadi mwisho wa zamu ijayo ya aliyemwagiwa. Hasara ya kumshambulia inabaki. Ukiuruhusu uondoe hali nzima, mfuko wa unga utakuwa umeshinda uchawi wa ngazi ya 4, na hakuna atakayeuchagua tena.

Mezani kwenyewe: ondoa kisanamu cha aliyejificha ubaoni, weka alama mahali pa mwisho alipoonekana. Maadui wanaelekea kwenye alama hiyo, si kwenye alipo. Karatasini andika majina ya maadui kwenye safu na mbele ya kila mmoja herufi moja: A anaona, M anajua mraba, U anajua upo, H hajui chochote. Zamu inakwenda haraka kuliko kubishana.

---

Kinyonga_wa_Pwani

Mpangilio wa herufi naubeba. Swali la mwisho: mbwa mwitu wa walinzi. Ukungu, giza, uchawi, vyote ni vya macho.

---

Bundi_wa_Giza

Mbwa mwitu wa 2014 ana ung'amuzi tuli 13, na kwa kusikia au kunusa anapata faida, kwa hiyo dhidi ya anayekaribia upande unakotoka upepo ni 18. Giza halimpunguzii ile 5, kwa sababu hatumii macho. Mwizi wa +10 aliyehitaji 4 au zaidi kumpita sasa anahitaji 9: kutoka 85% hadi 60%. Akikunusa, mpe herufi M kama uko karibu, U kama uko mbali. Anabweka, na walinzi wote wanapanda kutoka H hadi U. Akikurukia ukiwa huonekani, bado anarusha kwa hasara.